Sakafu iliyofundishwa kuelea

Februari 1996, mvua ya siku kadhaa ilimwagika juu ya theluji iliyotanda kwenye milima ya Oregon, jimbo lililo magharibi mwa Marekani. Theluji ikayeyuka, mito ikafura. Katika jiji la Portland, Mto Willamette ulipanda mpaka ukakaribia kuuruka ukuta wa kingo zake. Meya Vera Katz aliwaita wananchi, nao wakaja na mbao na mifuko ya mchanga, wakauongezea ukuta kimo kwa mikono yao. Katikati ya jiji paliponea chupuchupu.

Upande wa juu wa mto huohuo, katika kitongoji cha Sellwood, mafundi wa bustani ya burudani iitwayo Oaks Park walikuwa na kazi ambayo mgeni angeiona ni wazimu. Walikuwa wanaikata sakafu ya ukumbi wao wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Sakafu hiyo ina upana wa mita 30 hivi na urefu wa mita 60, karibu robo ya uwanja wa mpira wa miguu. Waliitenganisha na msingi wake, wakaiacha bila kushikwa na kitu, kisha wakausubiri mto.

Mto ukaja. Maji yalipoingia ukumbini, sakafu nzima iliinuka pamoja nayo, ikaelea ndani ya jengo lake kama jahazi lililotia nanga. Maji yalipopungua, nayo ikashuka.

Wenyewe hawakushangaa. Sakafu ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya siku kama hiyo karibu miaka 50 kabla, na ilikwisha kuelea mara moja, mwaka 1964. Hadithi ya namna ilivyofundishwa kuelea ni hadithi ya watu waliopata hasara kubwa, wakakubali kwamba maji yatarudi.

Tramu zilizotafuta abiria

Oaks Park ilifunguliwa tarehe 30 Mei 1905. Siku mbili baadaye Portland ilifungua maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi waliovuka bara kutoka mashariki hadi Bahari ya Pasifiki. Jiji lilikuwa likijiandaa kupokea wageni kwa maelfu, na kila mwenye biashara alitaka sehemu yake.

Iliyoijenga bustani hiyo ilikuwa kampuni ya Oregon Water Power and Railway, kampuni ya umeme na tramu. Msomaji anaweza kujiuliza, kampuni ya usafiri na bembea vinahusianaje? Siku hizo uhusiano ulikuwa wa karibu sana, Marekani nzima. Siku za kazi tramu zilijaa wafanyakazi, lakini jioni na mwisho wa wiki zilitembea tupu, huku reli, mabehewa na mitambo ya umeme vikiendelea kula gharama zilezile. Wenye kampuni wakapata jibu: mwisho wa njia ya tramu, kwenye kiwanja kizuri kando ya mto au ziwa, weka bembea, muziki, taa za rangi na mahali pa kula. Watu watapanda tramu kwenda, na watapanda tena kurudi. Bustani za namna hiyo zilichipuka kote nchini, na Oaks, iliyopewa jina la mialoni iliyoota kando ya Willamette, ilikuwa mojawapo. Watu wakaibandika jina la Coney Island ya Kaskazini-Magharibi, wakiifananisha na ufuko mashuhuri wa burudani wa New York.

Uzuri wa mahali pale ulikuwa pia hatari yake. Kiwanja kando ya mto kilipendeza kwa upepo na kivuli, lakini kilikuwa bondeni. Mto ulikuwa umelipitia bonde hilo tangu kabla ya tramu, na njia yake ulikuwa unaikumbuka.

Magurudumu manne na vipande vya mpira

Miongoni mwa burudani za mwanzo za Oaks ulikuwapo ukumbi wa kuteleza, na kwa wakati huo haukuwa kitu kigeni. Viatu vya magurudumu vilikuwa na historia ndefu tayari. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Joseph Merlin, fundi wa vyombo vya muziki na mashine aliyezaliwa Huy, mji ulio Ubelgiji ya leo, akaenda London katika miaka ya 1760. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye karamu ya mabwanyenye akiteleza kwa magurudumu huku akipiga fidla, akashindwa kugeuka wala kusimama, akagonga kioo cha thamani kubwa, akakivunja, akavunja na fidla yake, na mwenyewe akaumia.

Kisa cha Merlin kinaeleza tatizo lililowasumbua mafundi kwa miaka 100 iliyofuata. Kwenda mbele ilikuwa rahisi, lakini kukata kona kulishinda. Jibu alilipata James Plimpton wa New York mwaka 1863. Alifunga magurudumu kwa jozi mbili, moja mbele na moja nyuma, na kati ya ekseli na soli akaweka vipande vya mpira. Mtelezaji akiegemea kushoto, mpira unabonyea, ekseli zinapinda kidogo, na kiatu kinageuka kushoto chenyewe. Mwili ukawa ndio usukani. Mwaka 1866, katika mji wa Newport kwenye jimbo la Rhode Island, Plimpton aligeuza sehemu ya hoteli kuwa ukumbi wa kuteleza, na kwa bidii yake mchezo huo ukapata heshima ya kuwa burudani ya wanaume na wanawake pamoja.

Mwaka 1884 Levant Richardson alipata hataza ya kutumia gololi za chuma ndani ya magurudumu ya viatu hivyo. Msuguano ukapungua, mwendo ukawa mwepesi, na mtu aliyechoka baada ya robo saa sasa aliweza kuzunguka jioni nzima. Kwa hiyo Oaks ilipofunguliwa, kiatu kilikuwa kimekamilika. Kilichohitajika ni sakafu.

Na sakafu ya ukumbi wa kuteleza si sakafu ya kawaida. Hutandikwa mbao ngumu, aghalabu za mti wa maple, nyembamba na zilizobana, zikalainishwa mpaka gurudumu lisisikie kiungo. Ubao ukipanda hata kidogo kuliko mwenzake, mtu anayekwenda kasi ataanguka. Ndiyo sababu wanaozitunza sakafu hizi huzifagia na kuzikagua kwa jicho la mtu anayekagua mtumbwi kabla ya kuingia baharini. Adui yao mkubwa ni maji. Ubao ukilowa hunenepa kwa upana. Mamia ya mbao zikinenepa kwa pamoja bila nafasi ya kutanukia, husukumana mpaka sakafu inabinuka na kufanya matuta. Ikifika hapo, hakuna randa itakayoirudisha.

Siku ya kuzaliwa iliyoharibika

Kushuka kwa uchumi kulikoanza mwaka 1929 kuliziua bustani nyingi za tramu, na magari ya binafsi yakaziua nyingine nyingi, kwa kuwa mwenye gari hakulazimika tena kuishia mwisho wa reli. Oaks ilivumilia. Ukumbi ulichangia sana, kwa sababu ulikuwa na paa. Portland ni jiji la mvua nyingi wakati wa baridi, na bembea za nje hulala miezi hiyo, ilhali ukumbi hufanya kazi mwaka mzima. Mwaka 1943 Edward Bollinger, aliyekuwa ameifanyia kazi bustani hiyo kwa miaka mingi, alikinunua kiwanja chenyewe. Familia yake ikawa mlinzi wa mahali pale.

Kisha ikaja tarehe 30 Mei 1948. Bustani ilikuwa inatimiza miaka 43 kamili.

Majira hayo ya kuchipua, theluji ya milima ya mbali iliyeyuka kwa haraka na mvua ikaongezeka. Columbia, mto mkubwa ambao Willamette humwaga maji yake ndani yake, ulifura kupita kiasi. Mto mkubwa ukijaa, mdogo hukosa pa kumwaga, maji hurudi nyuma na kutanda mabondeni. Ndivyo Oaks ilivyozama.

Lakini msiba mkubwa wa siku hiyo ulitokea kaskazini zaidi, kwenye mji wa Vanport. Mji huo ulijengwa kwa haraka mwaka 1942 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya meli vya Henry Kaiser wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye ardhi ya chini iliyozungukwa na matuta. Wakati wa vita ulipata kuwa na wakazi zaidi ya 40,000. Mwaka 1948 walibaki wapatao 18,500, na theluthi moja hivi walikuwa Wamarekani Weusi, watu ambao Portland yenyewe iliwafungia milango ya kununua au kupanga nyumba katika mitaa mingi. Asubuhi ya siku hiyo mamlaka ya nyumba iliwagawia wakazi tangazo kwamba matuta ni salama, kwamba wataonywa ikihitajika, na kwamba watapata muda wa kuondoka. Muda mfupi baada ya saa 10 jioni tuta la reli lilipasuka. Watu 15 walikufa, na kabla ya usiku kuingia Vanport haikuwapo tena.

Ni vigumu kuandika habari za sakafu ya michezo pembeni ya msiba wa namna hiyo. Lakini vyote viwili vililetwa na maji yaleyale, na kilichofuata kila upande kinatufundisha jambo lilelile.

Mapipa chini ya mbao

Oaks Park ilikaa chini ya maji siku 30. Theluthi ya mialoni iliyoipa jina ilikufa. Bembea nyingi ziliharibika. Sakafu ya ukumbi ilibinuka, ikawa haifai.

Mwenye mali aliyepata hasara ya kiasi hicho ana njia tatu. Anaweza kuondoka. Anaweza kujenga upya kama palivyokuwa, akiomba Mungu maji yasirudi. Au anaweza kujenga upya akiamini kwamba yatarudi. Ukarabati wa ukumbi wa Oaks ulichukua miezi mitano, na njia iliyochaguliwa ilikuwa ya tatu. Chini ya sakafu mpya mafundi walipanga mapipa ya chuma yaliyofungwa yasipitishe hewa wala maji.

Mvuvi wa pwani yetu ambaye amewahi kufunga madumu matupu kwenye nyavu zake hahitaji kuelezwa zaidi. Kitu kilichozama husukumwa juu na nguvu sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Pipa la kawaida la lita 200 likizamishwa lote husogeza kilo 200 za maji, wakati lenyewe tupu halifiki hata kilo 30. Salio lote ni nguvu ya kubeba. Panga mapipa ya kutosha chini ya sakafu ya mbao, na umepata chelezo ya ukubwa wa robo ya uwanja wa mpira.

Palibaki jambo moja. Sakafu iliyoshikizwa haiwezi kuelea, na sakafu isiyoshikizwa haiwezi kuchezewa. Utaratibu wa Oaks ukawa kwamba siku zote sakafu imefungwa imara, na hatari ikikaribia mafundi wanaikata kutoka kwenye msingi. Hapo ndipo mtambo wote unapomtegemea binadamu. Pipa halijui kusoma kina cha mto. Lazima awepo mtu anayeutazama, anayejua ni saa ngapi ya kukata, na mwenye moyo wa kukikata kitu alichokitunza kwa miaka.

Krismasi ya 1964 mvua ya joto iliangukia theluji, kama ilivyokuja kutokea tena 1996, na mito ya Oregon ikafanya uharibifu mkubwa. Hapo mapipa yalipata mtihani wake wa kwanza, yakaufaulu. Mara ya pili ilikuwa Februari ile ya mifuko ya mchanga.

Kinanda juu ya vichwa

Kati ya gharika na gharika, ukumbi uliendelea kuwa ukumbi, na mwaka 1955 ulipata kitu ambacho kwa wengi ndicho roho yake. Ni kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na kampuni ya Wurlitzer mwaka 1926.

Kinanda hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya watelezaji. Kilikuwa mali ya Jumba la Broadway, jumba la sinema la Portland, enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti na mpiga kinanda mmoja ndiye aliyetoa muziki wa mapenzi, ngurumo za radi na vishindo vya farasi. Filamu zenye sauti zilipoenea baada ya 1927, vinanda hivyo vikakosa kazi. Vingi vilivunjwa, vingine vikaishia makanisani na majumbani mwa matajiri. Hiki kilikuja Oaks.

Kwenye jumba la sinema mabomba yalifichwa nyuma ya kuta. Kule Oaks yamening'inizwa wazi juu ya katikati ya sakafu, na watelezaji wanazunguka chini yake. Muziki wa kinanda unaweza kufanya kitu ambacho santuri haiwezi. Mpigaji huwaona watu. Anaweza kuona ukumbi umejaa watoto wanaojifunza, akapunguza mwendo, au kuona wazee wawili walioshikana mikono, akawapigia valsi yenye mapigo matatu yanayolingana na hatua zao. Kumbi za Marekani ambazo bado zina kinanda cha mabomba cha kupigwa na mtu ni chache sana, na hiki ni miongoni mwao.

Jirani na ukumbi huo, katika jengo jingine la bustani hiyohiyo, kwa miaka mingi pamekuwa nyumbani kwa Rose City Rollers, klabu ya wanawake wanaoshindana kwa viatu vya magurudumu, mchezo wa kukimbizana na kusukumana kwenye njia ya duara. Timu yao ilitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2015 na 2016.

Mlango ni wa nani?

Historia ya kumbi hizi Marekani haijakamilika bila kutaja waliozuiwa mlangoni. Kwa miongo mingi kumbi na bustani nyingi za burudani ziliwakataa watu Weusi, au ziliwatengea siku yao. Ukumbi wa White City mjini Chicago, uliokuwa ndani ya bustani iliyofunguliwa mwaka uleule wa 1905, uliwakataa watelezaji Weusi ingawa mitaa iliyouzunguka ilikwisha kuwa ya watu Weusi. Chama cha CORE cha kupigania usawa wa rangi, kilichoundwa jijini humo mwaka 1942, James Farmer akiwa miongoni mwa waasisi, kiliufanya ukumbi huo uwanja wa mapambano yake ya mwanzo, na mwaka 1946, baada ya watu kusimama nje na mabango kwenye baridi, mlango ulifunguliwa. Bustani yenyewe ilikuwa imekwisha kufa na ukumbi ndio uliobaki. Miaka kumi na kitu baadaye nao ulifungwa.

Nimeutaja White City kwa sababu unatuonyesha kwamba kujua kuelea peke yake hakutoshi. Mahali pa watu pakiwa pa baadhi ya watu tu, hasara yake huanza muda mrefu kabla ya mafuriko. Na hapo inanibidi nirudi Vanport. Sakafu ya kuteleza ya Oaks ilipata mafundi, mapipa na mpango, ikarudi baada ya miezi mitano. Mji wa watu 18,500 haukujengwa tena. Ardhi yake leo ni viwanja vya michezo na njia ya mashindano ya magari. Wakazi wake Weusi walisongamana kwenye mitaa michache ya Portland ambako waliruhusiwa kuishi. Kilichosalia kama taasisi ni chuo kilichofunguliwa Vanport mwaka 1946, ambacho kilihama, kikakua, na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland.

Siwalaumu watu wa Oaks kwa hilo. Walitengeneza kilichokuwa mikononi mwao, wakakitengeneza vizuri. Ninaowalaumu ni wale waliokuwa na dhamana ya nyumba za watu, wakagawa karatasi ya maneno ya kutuliza asubuhi ya siku ambayo tuta lilipasuka.

Amana

Mwaka 1985 Robert Bollinger, mwana wa Edward, alifanya uamuzi ambao wamiliki wengi wa ardhi ya mjini hawaufanyi. Badala ya kuuza kiwanja cha kando ya mto kwa wajenzi wa majumba, aliikabidhi Oaks Park kwa taasisi isiyo ya kibiashara, ibaki bustani ya watu. Miongoni mwa bustani za tramu zilizonusurika uchumi mbaya, nyingine hazikuuawa na mafuriko. Zilikufa siku warithi walipofanya hesabu ya bei ya ardhi. Uamuzi wa mwaka 1985 uliiweka ardhi hiyo mbali na hesabu za namna hiyo.

Hivyo leo, zaidi ya miaka 120 tangu tramu ya kwanza ishushe abiria pale, bustani ipo, na ndani yake watoto wanakodi viatu, wanafunga kamba, wanashika ukuta kwa mkono mmoja, wanauachia, wanaanguka, wanainuka. Chini ya mbao wanazoangukia kuna mapipa matupu yanayosubiri siku ambayo kila mtu pale anaomba isije, lakini kila mtu pale anajua itakuja.

Mimi naamini hilo ndilo jambo la kuchukua kutoka Oaks. Baada ya kila mafuriko watu wema hutoa pole, viongozi hutembelea, ukuta hupakwa rangi, na ile alama ya maji hufutwa. Kuifuta alama hiyo ndiko kunakotuponza. Watu wa Oaks waliijengea alama yao sakafu.

Nawe msomaji, kama unajenga bondeni au kando ya mto, iwe ni shule, ukumbi wa watoto au vyumba viwili vya kupangisha, nenda kwanza ukawaulize wazee wa mahali pale maji yaliwahi kufika wapi. Ichore alama hiyo ukutani, usiruhusu mtu aifute, na jenga kwa kuifuata.